Mvua Iliyonyesha Shuleni Peke Yake

Wiki iliyopita walimu vijana wa pale shuleni walinifanyia sherehe ya kuniaga. Walinipa saa ya ukutani, zawadi yenye kejeli kidogo kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi, wakaniomba niwaandikie mambo ya kazini yatakayowasaidia. Nimekaa na karatasi siku tatu. Vyeo nimeviruka, kwanza vilikuwa vichache. Mishahara nayo nimeiruka, maana nikiianza nitalia na kulowesha karatasi. Nitawaandikia habari ya mwanafunzi mmoja niliyemkosea, na insha moja ya mtoto iliyonionyesha kosa langu wakati nimeishika mkononi mwangu mwenyewe naicheka.

Nilianza kazi miaka ya hamsini mwanzoni, kijana wa Malampaka mwenye cheti kipya, kaptula mbili na majivuno ya kutosha watu watatu. Shule niliyopangiwa ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Bariadi, njia ya kwenda Migato. Vyumba vilikuwa viwili vya udongo, vimeezekwa nyasi, na kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo wa plau. Siku ya kwanza niliingia darasa la kwanza nikasema, "Hamjambo, watoto!" kwa Kiswahili safi cha chuoni. Watoto arobaini wakanitazama kimya. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, utadhani ni viziwi. Mwalimu mkuu akachungulia dirishani, akasema taratibu, "Mwalimu, waambie mwangaluka." Nikawaambia, na darasa zima likaitikia mpaka kuku wa jirani wakatimka. Mimi mwenyewe ni Msukuma, nimezaliwa nikiamkiwa hivyo kila asubuhi. Chuo kilikuwa kimenisahaulisha kwa miaka miwili tu.

Mwalimu mkuu huyo aliitwa Elikana, mtu wa Nyashimo, mrefu, mkavu, mnywaji wa chai isiyo na sukari. Hakuwa na maneno mengi. Mambo mengi ninayoyajua kuhusu kufundisha nilijifunza kwake, na hakuna hata moja alilonifundisha kwa kuniweka chini na kuniambia "sikiliza". Alikuwa anapita tu, anauliza swali, anaondoka, anakuacha umesimama na chaki yako.

Shida yangu kubwa ilikuwa insha za darasa la nne. Nilikuwa nawapa kichwa, "Ng'ombe", nao wananiandikia: ng'ombe ni mnyama, ana miguu minne, ana mkia mmoja, anatupa maziwa. Madaftari yote ni hivyo hivyo. Nilisahihisha ng'ombe yuleyule wiki baada ya wiki mpaka nikamchukia. Siku moja Elikana akanikuta nanung'unika.

"Kuna mtoto aliyekuandikia kitu ambacho hukukijua?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Basi waulize usichokijua. Waulize kosa walilofanya nyumbani, wakanyamaza, mpaka leo hakuna aliyegundua."

"Wataandika?"

"Wataandika ukiwaahidi kwamba haadhibiwi mtu kwa alichoandika. Lakini uahidi na utimize. Ukichapa mtu mmoja tu, utarudishiwa ng'ombe wako." Alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. "Na usianze na penseli nyekundu. Zisome kwanza kwa sauti, mbele yao."

Hivyo ndivyo zilivyoanza Ijumaa zetu. Watoto waliandika Jumatano, na Ijumaa mchana nilisoma insha tatu nne kwa sauti, bila kuzipitia kabla. Yaliyotoka humo, jamani! Mmoja aliacha ndama anyonye maziwa yote, akamwambia baba yake kwamba ng'ombe ana huzuni. Mwingine alipewa kazi ya kuamia ndege kwenye mtama, akalala, akaamka ndege wameshiba wanamtazama. Nikagundua jambo ambalo chuoni hawakunifundisha. Mtoto aliyeandika "nilisikitika sana, nilijuta sana" hakumgusa mtu. Aliyesimulia vile anavyowasimulia wenzake machungani, akajicheka ujinga wake mwenyewe, huyo tulimcheka mpaka machozi, halafu kicheko kikiisha tunabaki tunamhurumia. Nilikuwa naliona hilo kila Ijumaa, ila sikujua kwamba nami litanihusu.

Sasa nije kwenye chombo chenyewe. Mwaka wangu wa pili tuliletewa kipima mvua kutoka ofisi ya kilimo. Ni mtungi wa shaba, mdomo wake mpana kama bakuli, unafukiwa ardhini mpaka nusu, na ndani yake kuna chupa inayopokea maji. Kila siku saa tatu asubuhi unatoa chupa, unamimina maji kwenye kioo chembamba chenye mistari, unasoma, unaandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi mwalimu ananakili daftari kwenye kadi, anatia sahihi, kadi inakwenda kwa Bwana Shamba. Mimi ndiye niliyetia sahihi. Wanafunzi wa darasa la nne ndio waliopima kwa zamu, na kabla ya kuwakabidhi niliwaimbisha kanuni moja mpaka wakaiota: andika kinachoonekana kwenye kioo, usiandike unachodhani.

Aliyeishika kanuni hiyo kuliko wote ni Limi binti Ngasa. Wasichana darasani walikuwa watatu tu, na yeye alikuwa na mwandiko wa kukufanya uone haya kuandika ubaoni. Baba yake, mzee Ngasa, alichekwa na majirani kwa kumpeleka binti shule, akawaachia wacheke. Mimi na Elikana tulikuwa tumepanga kumwandikisha kwa mtihani wa kuingia shule ya kati ya wasichana. Shule yetu ilikuwa haijawahi kupeleka msichana hata mmoja.

Mwaka ule mvua ikagoma. Nyasi zilikwisha, mto ukabaki mchanga, na akina mama waliamka alfajiri kuchimba visima mle mtoni wapate mtungi mmoja. Mwezi mmoja wa ukame huo nilikwenda Malampaka kupokea chaki na madaftari yaliyokuja kwa treni, nikakaa siku nne. Niliporudi mwezi ulikuwa umekwisha. Nikachukua daftari la mvua, nikanakili kwenye kadi upesi upesi huku chai inapoa, nikatia sahihi, nikatuma. Sikusoma nilichonakili. Naomba msirudie kosa hilo.

Wiki mbili baadaye Bwana Shamba akafika kwa baiskeli, amejaa vumbi mpaka kope. Hakusalimia sana. Akazunguka uwanja wa shule, akaitazama ardhi iliyopasuka, akaja dirishani kwa darasa langu akiwa na kadi mkononi.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "nimekuja kuiona hiyo mvua. Inchi moja na nusu! Mtemi mwenyewe hajapata tone, nyie mmepata inchi moja na nusu. Mnafanyaje? Mtufundishe na sisi."

Darasa likaangua kicheko. Masikio yangu yaliwaka moto. Nikafungua daftari, nikaiona: inchi moja na nusu, mwandiko wa Limi, tarehe ya siku moja niliyokuwa Malampaka. Bwana Shamba alipoondoka, bado anacheka, nikamwita Limi mbele.

"Siku hii mvua ilinyesha?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa inchi moja na nusu uliitoa wapi?"

"Kwenye kioo, mwalimu. Nilimimina mara tatu."

"Na hicho kioo kilinyeshewa na nani?"

Watoto wakacheka tena. Limi hakucheka. "Sijui, mwalimu. Ulisema tuandike kinachoonekana kwenye kioo, tusiandike tunachodhani."

Mnaona wenyewe kwamba alisema kweli tupu. Lakini mimi, kijana wa cheti na kaptula mbili, nilisikia ujeuri. Nikachukua fimbo nikamchapa viganjani. Nikamwamuru aliambie darasa, "Mimi ni muongo." Akakataa. Nikalisema mimi kwa niaba yake: "Limi ni muongo." Kisha nikaendelea na hesabu za sehemu, nikijiambia kwamba hasira yangu ni ya haki.

Kesho yake Limi hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya tatu mzee Ngasa akatuma neno kupitia mdogo wake Limi: "Mtoto nilimleta asome. Sikumleta aitwe muongo. Atakaa nyumbani." Tukasikia pia kwamba wageni wameanza kufika pale kwa mzee kuulizia binti, na watu wa kwetu wanajua wageni wa namna hiyo wanafuata nini. Majina ya mtihani yalitakiwa yaondoke mwisho wa mwezi.

Elikana aliniuliza swali moja tu. "Una hakika ni yeye?"

"Zamu ilikuwa yake, mwalimu mkuu."

"Sikukuuliza zamu ilikuwa ya nani," akasema, akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata nilichukua madaftari kama kawaida. La pili lilikuwa la Maduhu, mchekeshaji wa darasa, mtoto mwenye akili nyingi za kila kitu isipokuwa hesabu. Nikasimama mbele yao nikaanza kusoma kwa sauti. Daftari lile nilimwomba baadaye, ninalo mpaka leo, kwa hiyo nanakili alivyoandika:

"Mimi ni mtoto mwema sana. Jambo hili analijua bibi yangu peke yake, na bibi yangu haoni vizuri."

Darasa likacheka, nami nikacheka.

"Mwaka huu mvua iligoma. Kila mtu alitafuta nani kaigomesha. Baba alisema ni dhambi za jirani. Jirani alisema ni dhambi za baba. Bibi akasema nyote hamjui, ni lile domo la shaba walilolifukia shuleni. Liko wazi usiku na mchana linatazama juu. Wewe ukikuta mtu kakaa mlangoni kwako kaachama namna ile, utatoka nje?"

Watoto walikuwa wanapigapiga madawati. Mimi kicheko kilinikauka. Nikaona kwa jicho la pembeni Maduhu kainamisha kichwa mpaka paji la uso linagusa dawati. Nikaendelea.

"Nikafikiri, domo likishiba litafumba. Mama alikuwa na mtungi wa maji aliyochimba mtoni tangu alfajiri. Nikachota kibuyu kimoja. Sikuyaiba maji hayo, niliyahamisha tu. Jioni watu wakifunga ng'ombe nikaenda shuleni nikalinywesha. Likanywa yote, halikuniambia hata wabeja, wala asante. Nikarudi nyumbani nikakaa nje kungoja mvua. Nikangoja siku, nikangoja wiki. Badala ya mvua akaja Bwana Shamba."

Hapo hata waliokuwa wanacheka walianza kupungua mmoja mmoja. Kuna mistari ilikuwa imebaki, na nilikuwa nimeshaona jina la Limi ndani yake. Ningeweza kufunga daftari. Ningesema muda umekwisha, au mwandiko hausomeki, na kwa mwandiko wa Maduhu kila mtu angeniamini. Nilimwona Elikana amesimama kwenye mlango wa darasa, sijui tangu saa ngapi. Nikasoma.

"Siku ile mwalimu alimwita Limi. Mimi nilikuwa na mdomo lakini nao uligoma. Fimbo ya kwanza nikajiambia, ya pili nitasema. Ya pili nikajiambia, ya tatu nitasema. Halafu zikaisha. Limi hakulia. Nililia mimi, watu wakadhani naumwa macho. Insha yangu imekwisha. Mwalimu alisema haadhibiwi mtu kwa alichoandika. Namwomba akumbuke."

Maduhu akasimama, akanyoosha viganja vyote viwili mbele yake, tayari. Nikamwambia aketi. Nikatangaza kengele ipigwe, ingawa saa ilikuwa bado, nikabaki peke yangu darasani na lile daftari. Niliona haya, ndugu zangu. Niliona haya mpaka nikatamani kurudi Malampaka nilikotoka.

Jioni nilimwambia Elikana kwamba kesho nitamchukua Maduhu twende kwa mzee Ngasa.

"Maduhu amemaliza sehemu yake," akasema. "Nenda mwenyewe."

Jumamosi asubuhi nikaenda. Mzee Ngasa alikuwa nje anasokota kamba ya katani. Tukaamkiana kwa utaratibu wote: nyumbani mhola, yaani salama, watoto mhola, ng'ombe waliobaki mhola. Hakunifupishia hata neno moja, na hakunionyesha kigoda mpaka salamu zilipokwisha. Pembeni Limi alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe anasaga mtama. Alinisalimu kwa heshima, akaendelea kusaga.

Nikasema nimeleta karatasi yenye ukweli wote. Mzee akasema, "Mimi sisomi. Isome." Nikaisoma, natafsiri kwa Kisukuma pale ilipobidi. Nilipofika kwenye dhambi za jirani na dhambi za baba, mzee alicheka mpaka kamba ikamtoka mkononi. Mama yake Limi alitoka nyumba ya kupikia, naye akacheka kwa lile domo lililoachama. Nilipofika kwenye fimbo, jiwe la kusagia likasimama. Mzee Ngasa akafuta macho, akasema, "Huyo Maduhu ni mjinga mwenye akili kweli kweli."

Nikashusha pumzi. Nikaona mambo yamekwisha. "Basi, mzee," nikasema, "hivyo ndivyo ilivyokuwa. Namwomba mtoto arudi."

Limi akainuka, akajipangusa unga mikononi. "Ya Maduhu nimeisikia, mwalimu," akasema. "Ya kwako iko wapi?"

Nikamtazama baba yake, nikitegemea amkemee. Mzee akaokota kamba yake. "Mtoto amekuuliza wewe, mwalimu. Mjibu."

Nikaaga.

Jumapili nzima niliandika. Mimi niliyekuwa nadai insha kila Jumatano, nilihangaika na ukurasa mmoja kutwa. Nilitaka niandike kama Maduhu, iwe ya kuchekesha, ipite kooni. Nikamchora Bwana Shamba na vumbi lake la kope, bibi yake Maduhu, na Maduhu anayenywesha shaba. Nikajiona hodari, nikampelekea Elikana. Akasoma yote, akanywa chai yake chungu, akasema, "Umechekesha. Sasa wewe uko wapi humu?"

"Si ndiye ninayesimulia?"

"Maduhu amejicheka yeye. Wewe umewacheka watu wote, ukajiacha."

Nikaichana. Nikaandika nyingine nikaanza na yule kijana aliyenakili kadi bila kusoma kwa sababu chai ilikuwa inapoa, na sikumwachia nafasi ya kukwepa. Ikawa fupi kuliko ya kwanza na iliniuma kila mstari.

Jumatatu Limi alikuja, ila hakuingia kukaa. Alisimama karibu na mlango, na baba yake akasimama nje dirishani, mikono ameifunga nyuma. Nikasimama mahali pale pale nilipomchapia, nikasoma. Nilisema kwamba nilimfundisha mtoto kuandika anachokiona, akaandika anachokiona, nikampiga kwa kunitii. Nilisema sikumpiga kwa sababu ya mvua, nilimpiga kwa sababu nilichekwa. Watoto walicheka mara moja, kwenye ile chai, na walinicheka mimi kama ilivyostahili. Nilisema Limi si muongo, na kwamba siku ile darasani muongo alikuwa ni yule aliyeshika fimbo. Mwisho nikasoma, "Nilimchapa fimbo tatu kila kiganja, bila kosa. Naomba anisamehe."

Mzee Ngasa alikohoa huko dirishani. Elikana alikuwa nyuma kabisa, orodha ya mtihani mfukoni, haijafungwa. Watoto wote wakamgeukia Limi. Mwaka uliofuata nilimsindikiza Malampaka na sanduku lake la bati kupanda treni kwenda shule ya kati, lakini asubuhi ile hakuna aliyejua hilo, hasa mimi.

"Mwalimu," akasema, "kuna kosa."

"Wapi?"

"Zilikuwa nne mkono wa kulia."

Nikaweka karatasi mezani. Nikatafuta kalamu, nikafuta nilichoandika, nikaandika upya, na kwa kuwa alikuwa anangoja nikasoma tena mbele ya wote: tatu mkono wa kushoto, nne mkono wa kulia. Limi akatikisa kichwa kukubali. Akapita katikati ya madawati mpaka mahali pake, ambapo Maduhu alikuwa ametandaza madaftari na viwiko vyake kwa wiki mbili.

"Sogea," akamwambia.

Maduhu akasogea.